Sura ya Nne: Ukurasa Unaotosha Kiganjani

Chukua karatasi ya A4 uilaze mezani, kisha weka simu yako juu yake, wima. Karatasi ina upana wa milimita 210. Skrini za simu nyingi zinazouzwa madukani kwetu zina upana wa milimita 65 hadi 70, maana yake zinahitajika simu tatu ubavu kwa ubavu kuifunika karatasi hiyo. Sasa fikiria tangazo la nafasi za kazi lililochapwa kwenye karatasi ya namna hiyo kwa herufi za pointi 12, likageuzwa kuwa faili la PDF na kupandishwa kwenye tovuti. Anayelifungua kwa simu anaona ukurasa mzima umebanwa hadi theluthi ya upana wake, na zile herufi za pointi 12 zimekuwa za pointi 4. Hakuna mtu mzima anayesoma herufi za pointi 4 kwa raha. Basi msomaji anatanua kwa vidole viwili, anasoma nusu ya mstari, anausukuma ukurasa kushoto ili aione nusu iliyobaki, anaurudisha kulia kutafuta mstari unaofuata, anaukosa, anaanza tena. Tangazo likiwa na kurasa sita, wengi hawafiki ya tatu. Wanamtumia rafiki ujumbe wa WhatsApp: hebu niangalizie, mwisho wa kutuma maombi ni lini?

Tarehe ya mwisho ilikuwepo kwenye tangazo. Aliyeliandika alitimiza wajibu wake, aliyelipandisha naye akatimiza wake, na bado anayelihitaji amelazimika kuomba asomewe habari iliyo mkononi mwake. Nchi zetu zimejaa watu wa namna hiyo: wanajua kusoma, wana simu, wana bando, na hawawezi kusoma.

Hoja ya sura hii ni kwamba ukurasa wa wavuti, ukiachwa kama ulivyobuniwa na kuongezewa mstari mmoja tutakaouona, unasomeka kwenye simu. Pale usiposomeka, mara nyingi kuna mtu aliyeongeza kitu kilichouzuia. Kazi kubwa ya anayetaka kuurekebisha ni kuondoa, na kuondoa hakuhitaji bajeti kubwa.

Turudi nyuma kidogo. Tim Berners-Lee alipoibuni wavuti kati ya mwaka 1989 na 1991, katika kituo cha utafiti cha CERN kilicho mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, alikuwa anahangaika na tatizo linalofanana sana na letu. Wanasayansi waliofanya kazi pale walitoka nchi nyingi, na kila kundi lilikuja na kompyuta za aina yake. Berners-Lee mwenyewe alitumia mashine ya NeXT, iliyokuwa na skrini kubwa na nzuri. Wenzake wengi walikuwa na skrini zinazoonyesha maandishi matupu, bila picha wala kipanya. Ndipo Nicola Pellow, mwanafunzi wa hisabati aliyekuwa akifanya kazi kwa muda hapo CERN, akaandika kivinjari kilichoweza kutumika karibu kwenye kompyuta yoyote, kikionyesha maandishi mstari baada ya mstari. Ukurasa uleule ulisomeka kwa Berners-Lee na ukasomeka kwa mwenye mashine duni kabisa.

Siri ilikuwa kwenye lugha ya kurasa zenyewe, HTML. Mwandishi wa ukurasa alisema hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hiki ni kiungo. Hakusema aya iwe na upana gani. Upana uliamuliwa na skrini ya msomaji, na maneno yakajipanga yenyewe kuufuata. Hadi leo ukiandika aya tupu ya HTML bila pambo lolote, kisha ukalipunguza dirisha la kivinjari, utayaona maneno yakishuka mstari unaofuata bila kulazimishwa.

Uharibifu ulianza wavuti ilipopata watu wenye macho mazuri. Wasanifu waliokuwa wamezoea magazeti na mabango waliingia katikati ya miaka ya 1990, wakataka kila kitu kikae pale walipokiweka. David Siegel, Mmarekani, mwaka 1996 alitoa kitabu kilichouzwa sana, *Creating Killer Web Sites*, ambacho kilieneza mbinu ya kutumia picha isiyoonekana, yenye ukubwa wa pikseli moja, kuyasukuma maandishi yakae mahali fulani. Wengine walichora majedwali yasiyo na mistari na kuyatia maandishi ndani ya vyumba vyake. Siwalaumu, kwa kuwa vivinjari vya wakati ule havikuwapa njia bora ya kupanga ukurasa. Lakini tangu hapo ukurasa ukawa na upana maalumu: pikseli 640 mwanzoni, kisha 800, baadaye 960, kadiri skrini za ofisini zilivyozidi kukua. Mwaka 2000, John Allsopp wa Australia aliandika makala akiwasihi wasanifu waache kuigiza karatasi, kwa sababu kunyumbuka ndiyo nguvu ya wavuti. Makala ilisifiwa, na kurasa zikaendelea kutengenezwa kwa upana wa ofisini.

Wakati huohuo simu zilikuwa zimeanza kutafuta njia yao. Nokia 7110 ya mwaka 1999 ilileta WAP, wavuti ndogo ya pembeni yenye kurasa zake na lugha yake, na haikudumu. Kwetu, kilichofungua mlango ni kivinjari cha Opera Mini kutoka Norwei, kilichotolewa kwa dunia nzima mwaka 2006. Hicho hakikuupakua ukurasa moja kwa moja. Kiliiomba seva ya kampuni iuchukue, iubane, na kuutuma kwenye simu ukiwa na sehemu ndogo tu ya uzito wake, mara nyingi chini ya robo, na kikayapanga maandishi katika safu moja nyembamba. Vijana wengi waliokuwa na simu za vitufe walisoma magazeti kwa njia hiyo, hata kabla mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM haujaanza kazi Mombasa na Dar es Salaam mwezi Julai 2009. Nadhani historia ya intaneti ya Afrika Mashariki haijakipa kivinjari hicho heshima inayokistahili. Kilimtazama mwenye simu ya bei ndogo kama msomaji kamili.

Mwaka 2007 ikaja iPhone, skrini yake ikiwa na upana wa pikseli 320. Wahandisi wa Apple walikuta dunia imejaa kurasa za pikseli 960, wakachagua kudanganya. Simu iliuambia ukurasa kwamba ina upana wa pikseli 980, ukurasa ukajipanga kwa upana huo, kisha simu ikaupunguza wote uenee kwenye pikseli 320. Herufi ya pikseli 16 ikabaki na pikseli 5 hivi. Ndiyo asili ya kile kitendo cha kutanua kwa vidole viwili ambacho leo mtoto wa miaka mitatu anakijua. Simu zilizofuata, pamoja na za Android, ziliiga uongo huohuo, na zinaendelea nao mpaka sasa kwa ukurasa wowote usiozikataza.

Kuzikataza ni mstari mmoja tu kichwani mwa ukurasa. Apple wenyewe waliubuni; unaitwa viewport, na maudhui yake ni haya: width=device-width, initial-scale=1. Kwa Kiswahili cha kawaida unaiambia simu: tumia upana wako halisi, usidanganye. Ukurasa uliokuwa wa maandishi yenye ukubwa wa sisimizi unaweza kusomeka papo hapo kwa kuongeza mstari huo peke yake, mradi hakuna kitu ndani yake kilicholazimishwa upana. Kuna wanaouongezea maneno ya kumzuia msomaji asitanue, eti muundo usiharibike. Huo ni ukatili kwa mwenye macho dhaifu. Apple walipotoa iOS 10 mwaka 2016, walikiamuru kivinjari chao kipuuze katazo hilo, na walifanya vema.

Mtu aliyeuunganisha ufundi huu wote ukawa kitu kimoja ni Ethan Marcotte, msanifu wa Marekani. Tarehe 25 Mei 2010 alichapisha makala akieleza mambo matatu yanayotakiwa kwenda pamoja: vipimo vya ukurasa viwe asilimia badala ya pikseli, picha zisivuke upana wa mahali zilipo, na CSS, lugha inayopanga mwonekano wa ukurasa, iwe na masharti yanayoubadili mpangilio skrini inapofikia upana fulani. Mwaka uliofuata gazeti la Boston Globe lilifungua tovuti iliyojengwa hivyo, na hoja kwamba mtindo huo ni wa tovuti ndogondogo ikaishia hapo. Kabla ya Marcotte, kampuni nyingi zilitengeneza tovuti mbili, moja kamili na moja ya simu, na ya simu ilipata makombo: habari tano, picha moja, na kiungo kinachosema nenda kwenye tovuti kamili. Mwenzake, Luke Wroblewski, alienda mbali zaidi. Alisema ukurasa uanze kusanifiwa kwa ajili ya simu, kisha uruhusiwe kutanuka. Kampuni ya takwimu ya StatCounter ilitangaza kwamba Oktoba 2016, kwa mara ya kwanza duniani, kurasa zilizofunguliwa kwa simu na tableti zilizidi zile za kompyuta. Kwetu simu ilikuwa imekwishashika nafasi hiyo zamani.

Basi tuingie kazini, tuanze na maandishi.

Simu nyingi za Android, kwa hesabu ya vivinjari, zina upana wa pikseli 360. Ukiacha pambizo ya pikseli 16 kila upande, umebaki na 328. Herufi za pikseli 16 hadi 18 zitakupa mstari wenye herufi 35 hadi 40, yaani maneno sita hivi ya Kiswahili. Ni upana wa safu ya gazeti, na magazeti yetu yametusomesha katika safu nyembamba kwa vizazi. Msomaji hana shida na mstari mfupi. Shida huja pale mhariri wa tovuti anapotaka kingo zote mbili za aya zinyooke, kushoto na kulia. Gazetini inawezekana kwa sababu maneno hukatwa kwa kistari mwishoni mwa mstari. Kivinjari, kisipoelekezwa, hakikati. Na sisi tuna maneno kama "yatakayowanufaisha" na "wasiojiandikisha", ambayo peke yake hula karibu nusu ya mstari. Neno la namna hiyo likikosa nafasi hushuka chini zima, na maneno matatu yaliyobaki juu hutawanywa ili yajaze pengo. Dawa ni kuuacha ukingo wa kulia uende unavyotaka. Nafasi kati ya mstari na mstari iwe mara moja na nusu ya ukubwa wa herufi, kwa sababu kidole kinaposogeza ukurasa jicho linahitaji mahali pa kurudi.

Vitufe navyo. Templeti nyingi tunazonunua au kupakua bure zimechorwa kwa ajili ya Kiingereza, ambako kitufe kina neno moja la herufi nne au sita. Ukiweka "Wasilisha maombi" au "Umesahau neno la siri?" maneno yanavuka ukingo au yanakatwa katikati. Kitufe kiachwe kikue kufuata maneno yake, na kiwe na kimo cha pikseli 44 hivi, kipimo ambacho Apple wamekishauri kwa miaka mingi kwa sababu ncha ya kidole ni nene kuliko mshale wa kipanya. Viungo vikirundikana, mtu anayekusudia kusoma taarifa anajikuta amefungua ukurasa mwingine, na bando limekwenda.

Kuhusu rangi nitasema jambo moja tu, ila nalisema kwa uchungu. Maandishi ya kijivu hafifu kwenye weupe yalianza kama mtindo wa wasanifu wanaofanya kazi kwenye vyumba vyenye mapazia. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, WCAG, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa uwiano wa 4.5 kwa 1 angalau. Kijivu kinachopendwa sana, kile chenye namba #999999, kina uwiano wa 2.85 tu juu ya nyeupe. Msomaji wetu yuko kituo cha daladala saa saba mchana, mwanga wa skrini ameupunguza kutunza chaji, na kioo kina nyufa. Mwandikie kwa rangi nyeusi.

Picha ndizo zinazokula fedha za watu. Simu ya kawaida leo hupiga picha yenye upana wa pikseli 4000 na kimo cha 3000, na faili lake huwa na megabaiti 3 hadi 5. Afisa habari anapiga picha tano za mkutano, anazipandisha kama zilivyo, na ukurasa umekuwa na megabaiti 20. Skrini itakayozionyesha, hata ikiwa kali, kwa kawaida ina pikseli halisi 720 au 1080 kwa upana. Zinazozidi zote zimelipiwa na msomaji kisha zikatupwa. Ukiipunguza picha hiyo hadi upana wa pikseli 1080 na kuihifadhi katika muundo wa WebP, mara nyingi inashuka chini ya kilobaiti 200, na hakuna atakayeona tofauti kwenye simu. Pia uambie ukurasa vipimo vya kila picha mapema. Usipofanya hivyo, maandishi hupanda kwanza, picha hufika imechelewa na kuyasukuma chini, na mtu aliyekuwa anakaribia kubonyeza "Ghairi" anajikuta amebonyeza "Lipia".

Uzito mwingine hauonekani kwa macho, nao ni programu za JavaScript ambazo wajenzi wa tovuti huzipachika kwa wingi. Picha ikishapakuliwa imemaliza kazi. Programu ikishapakuliwa ndiyo kwanza inaanza, na ubongo wa simu ya bei ya chini, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 1 au 2, huichakata taratibu huku skrini ikibaki nyeupe. Ajabu ni kwamba mara nyingi programu hizo zinaonyesha aya mbili na namba ya simu, vitu ambavyo HTML tupu ingeviweka mbele ya msomaji mara tu herufi za kwanza zinapofika.

Majedwali yana mtihani wake. Chukua matokeo ya shule moja: namba ya mtahiniwa, jinsi, alama, daraja, kisha orodha ya masomo yote na gredi zake. Jedwali hilo halitoshi kwenye simu, na hata mwongozo wa WCAG, ambao tangu toleo lake la 2018 unataka ukurasa usomeke kwenye upana wa pikseli 320 bila kusogezwa kushoto na kulia, umeyasamehe majedwali. Wako wanaoliacha jedwali lisogee ndani ya kisanduku chake huku safu ya kwanza ikibaki imesimama, na hiyo inasaidia. Wengine hugeuza kila mstari wa jedwali kuwa kadi inayojitegemea, moja chini ya nyingine. Mimi ningeanza kwa kuuliza nani amekuja na anatafuta nini. Mzazi aliyefungua ukurasa wa matokeo anataka mstari mmoja, wa mwanawe. Mpe kisanduku cha kuandika namba ya mtahiniwa, mwonyeshe matokeo ya huyo mmoja, yakiwa yamepangwa wima. Jedwali zima libaki chini kwa mwalimu mkuu na mwandishi wa habari wanaolihitaji.

Na zile PDF tulizoanza nazo zibaki kwa ajili ya kuchapa. Maneno yaliyomo ndani yake yawekwe kwenye ukurasa wenyewe, tarehe ya mwisho ikiwa juu kabisa. Kibaya zaidi ya PDF ni barua iliyopigwa muhuri, ikapigwa picha ikiwa imepinda, na picha hiyo ndiyo ikawa tangazo. Msomaji asiyeona, ambaye simu yake humsomea maandishi kwa sauti, hapo mara nyingi hana anachosomewa.

Nimeziacha fomu hadi mwisho kwa sababu ndizo zinazogharimu watu zaidi. Kusoma kukishindikana mtu anaweza kuuliza. Kujaza kukishindikana, anakosa mkopo wa chuo, leseni, cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Tembea mji wowote wa Tanzania msimu wa maombi ya vyuo uone foleni kwenye steshenari. Tembea Kenya uone vijana wamejaa saiba, yaani vibanda vya intaneti. Wengi wao wameshika simu zenye uwezo mkubwa kuliko kompyuta iliyopeleka watu mwezini. Wanamlipa mhudumu awajazie fomu ambayo ilitangazwa kuwa inajazwa popote ulipo. Wanampa jina, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA kwa Tanzania), neno la siri, na barua pepe ambayo mara nyingi mhudumu huyohuyo ndiye anawafungulia na ndiye pekee anayeikumbuka nywila yake. Mwaka unaofuata akihama duka, kijana amepoteza akaunti. Tunahubiri usalama wa taarifa binafsi kwenye semina, na fomu zetu zinawasukuma watu kuzigawa taarifa hizo kaunta.

Kinachowashinda kwenye simu ni mambo madogo, tena yanajulikana. Namba ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania ina tarakimu 20. Fomu inamtaka mtu aiandike yote bila vistari, au kwa vistari, bila kumwambia ipi, na inamletea kibodi ya herufi badala ya tarakimu. Neno moja kwenye HTML, inputmode, likiwekwa thamani ya numeric, linaleta kibodi ya tarakimu kubwa. Vistari na nafasi vinaweza kuondolewa na programu yenyewe baada ya mtu kuandika. Vivyo hivyo namba ya simu: mtu aandike 07 au +255, fomu izielewe zote mbili, kwa sababu kuzibadili ni kazi nyepesi kwa kompyuta na ni kikwazo kwa binadamu.

Kisha kuna picha ya pasipoti "isiyozidi kilobaiti 100". Kamera ya simu inatoa megabaiti 4. Mwombaji hajui kilobaiti ni nini, wala hana sababu ya kujua. Tovuti inaweza kuipunguza picha hiyo yenyewe pale inapopokelewa, au hata ndani ya kivinjari kabla haijatumwa, na bando likaokolewa. Sharti hilo pekee, kwa ninavyoona, linawapa steshenari wateja wengi kuliko sharti lolote jingine.

Jambo la tatu ndilo linalouma zaidi. Mtu amejaza nusu saa. Fomu inamtumia namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi. Anatoka kwenye kivinjari kwenda kuisoma, au anaenda kwenye picha zake kunakili namba ya NIDA. Simu yenye kumbukumbu ndogo haiwezi kuvibeba vyote viwili, kwa hiyo inaufuta ukurasa ili ipate nafasi. Akirudi, ukurasa unajifungua upya na kila sehemu ni tupu. Anayejaribu fomu kwenye kompyuta mpakato ya ofisini hatakutana na jambo hili hata ajaribu mwezi mzima, na ndiyo maana halirekebishwi. Dawa yake inafahamika kwa kila mjenzi wa tovuti: gawa fomu katika kurasa fupi, hifadhi kila ukurasa mtu anapobonyeza "Endelea", na yaliyoandikwa yatunzwe ndani ya simu hadi yatakapopokelewa. Fomu ikikataa kitu, iseme ni sehemu gani na kwa nini, kwa Kiswahili, karibu na sehemu hiyohiyo, na isifute kilichojazwa sawasawa.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mitambo mipya. Mstari wa viewport ni wa bure, kupunguza picha ni bure, herufi nyeusi ni bure. Kinachokosekana kwenye ofisi nyingi ni mtu mwenye mamlaka aliyewahi kuifungua tovuti yake kwa simu ambayo wananchi wanaitumia. Tovuti huonyeshwa bosi kwenye projekta, ukutani, kwa upana wa mita mbili, anaipongeza na kusaini malipo.

Kwa hiyo, wewe mkurugenzi, afisa habari, mwalimu mkuu au mwenye duka unayekaribia kulipia tovuti: kabla ya kusaini, azima simu ya bei ya chini yenye kioo kilichochakaa, ukubwa wa maandishi ukiwa umeongezwa kwenye mipangilio kama wazee wanavyofanya. Zima Wi-Fi, jiunge na bando dogo kwa pesa yako, toka nje ya ofisi mchana, uifungue tovuti hiyo na kuijaza fomu yake ndefu kuliko zote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa mkono mmoja. Baada yako mpe mtu ambaye hajawahi kuiona, kaa pembeni, na usimwelekeze. Pale anapokwama pameharibika, na anayelipwa kuitengeneza apatengeneze kabla hujamlipa.